Jinsi ya Kuandaa Mashindano ya Gofu ya Hisani ya Kumkumbuka Shujaa Wenu

Simu huanza kuingia mwezi wa saba. "Afande, tunataka kumfanyia mwenzetu gofu kama ile yenu. Tuanzie wapi?" Mwingine anauliza kama ni lazima awe mchezaji. Mwingine ameshachapa fulana mia moja na bado hajaongea na mjane. Maswali ni yaleyale kila mwaka, nami nimechoka kuyajibu nikiwa juu ya boda boda, basi nimeyaandika hapa. Soma kwanza, ukikwama ndipo unipigie.

Sisi tunamkumbuka rafiki yetu aliyeangukia Somalia, kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika ambacho nchi yetu, Uganda, ndiyo iliyotangulia kukipelekea askari, Machi 2007. Shujaa wako anaweza kuwa polisi, mzimamoto au nesi. Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, Gulu, hakufa vitani. Ebola ilimwondoa tarehe 5 Desemba 2000 akiwauguza wengine, na sijasikia mtu akiuliza kama alikuwa shujaa. Hatua ni zilezile.

Na hapana, si lazima uwe mchezaji. Niliposikia mara ya kwanza kwamba meja fulani ana "handikapu kumi na nane" nilimwonea huruma, nikamsogezea kiti. Kumbe ni idadi ya mikwaju anayopunguziwa ili mchezaji dhaifu ashindane na hodari bila kuonewa. Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa, tatu, nne au tano, na uwanja kamili una mashimo 18. Nadharia imeishia hapo. Mengine mwachie nahodha wa klabu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Ruhusa ya familia kwa maandishi.
- Kamati ya watu watano, si kumi na watano. Angalau mmoja awe mwanachama wa klabu ya gofu, na mmoja awe wa familia.
- Akaunti ya benki ya kamati, yenye watia saini watatu.
- Lengo moja lenye tarakimu.
- Miezi sita. Kwa miezi mitatu inawezekana, ila utazeeka.

Hatua ya 1: Nenda kwa familia, tena nenda mwenyewe

Usipige simu. Nenda nyumbani, kaa, kunywa chai, ueleze. Mjane akubali, na wazazi wa marehemu wakubali pia, maana huku kwetu mtoto ni wa ukoo na baba mzee asiyeulizwa atakuja kuuliza mwenyewe, mbele za watu. Omba mambo matatu: kutumia jina, kutumia picha, na kujua watoto ni wangapi na wanasoma wapi.

Hapo hapo omba kuona barua zake. Mwaka wetu wa kwanza tuliandika "Luteni" kwenye bango la mita nne. Shemeji, yaani mjane wake, alifika asubuhi, akasimama mbele ya lile bango muda mrefu, akiwa amemshika mtoto mkono, halafu akasema polepole, "Alipandishwa." Mwenzetu alikuwa amepewa ukapteni baada ya kufa na barua ilikuwa kabatini kwa shemeji. Hatukuwa tumeuliza. Aliyechapa alichapa tulichomwandikia, kosa lilikuwa letu. Tangu siku hiyo kila neno linaloenda kwa mchapaji linapita kwanza kwa mjane, na anatia saini.

Hatua ya 2: Andika lengo kwa shilingi

"Kusaidia familia" si lengo. Lengo ni hili: watoto 3, ada na mahitaji shilingi 1,500,000 kwa muhula, mihula 3, jumla 13,500,000. (Tarakimu zote humu ni za kufanyia hesabu tu, weka za kwako.) Mdhamini akiuliza pesa zinaenda wapi, unamjibu kwa sentensi moja.

Hatua ya 3: Chagua tarehe

Muhula wa kwanza hufunguliwa mwanzoni mwa Februari, kwa hiyo pesa ziwe zimeshaingia kabla ya hapo. Mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba ziepuke. Kuanzia katikati ya Desemba kila mtu ameenda kijijini. Tarehe 26 Januari ni sikukuu ya taifa, na Tarehe Sita, siku ya jeshi (6 Februari), wakubwa wako kwenye sherehe zao. Ukipiga hesabu unabaki na Jumamosi ya katikati ya Januari, na hiyo ndiyo yetu. Isipokuwa mwaka wa uchaguzi: mwaka 2021 kura ilipigwa tarehe 14 Januari, na katika wiki kama hiyo hutampata mdhamini wala mchezaji. Mwaka kama huo hamia Agosti, kabla ya muhula wa tatu.

Hatua ya 4: Shika uwanja

Kampala kuna Kitante, katikati ya jiji, na wageni hufika kirahisi. Kigo iko kando ya ziwa. Entebbe ni klabu ya mwaka 1901, ina nyasi safi na upepo wa ziwa. Viwanja vingi vya nje ya Kampala vina mashimo tisa, navyo si vibaya ukiwa na watu wachache. Jinja wana sheria yao ya uwanja inayojulikana mbali: mpira ukidumbukia kwenye nyayo za kiboko, unauokota na kuudondosha pembeni bila adhabu. Wageni huipenda sana hiyo, hata wasiokutana na nyayo.

Andika barua kwa klabu, upate jibu la maandishi lenye tarehe, bei ya mchezaji mmoja, na saa ambayo uwanja ni wenu peke yenu. Neno la mdomo la mtu wa mapokezi halitoshi.

Hatua ya 5: Uza mashimo

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanadhani ada ya wachezaji ndiyo itakayosomesha watoto. Fanya hesabu nami. Wachezaji 72 kwa shilingi 150,000 ni 10,800,000. Kila mmoja anakugharimu uwanja 70,000, chakula 40,000, fulana na maji 25,000: jumla 135,000. Mara 72 ni 9,720,000. Umebakiza 1,080,000. Umekusanya watu sabini na mbili, umewachosha juani, na hujapata ada ya mtoto mmoja kwa muhula mmoja.

Sasa tazama uwanja wenyewe. Una mashimo 18, na kila shimo lina mahali pa kusimamisha bango. Shimo moja kwa mdhamini ni 1,000,000, yote ni 18,000,000. Toa mabango, 100,000 kila moja, unabaki na 16,200,000. Toa zawadi, vipaza sauti, hema na mengineyo, tuseme 2,500,000. Imebaki 13,700,000. Lengo limefikiwa hata kabla ya kugusa ada ya wachezaji. Kwa ufupi wachezaji wanalipia siku yao, na mashimo ndiyo yanayosomesha watoto.

Mdhamini haendewi na maneno matupu. Barua iwe ya ukurasa mmoja: marehemu ni nani (mistari mitatu, usimwage machozi), pesa ni za nini, atapata nini, akaunti ipi. Makampuni yatakuuliza namba yako ya mlipakodi na hesabu za mwaka uliopita. Kama huna usajili wowote, ingia chini ya shirika lililosajiliwa ambalo familia inaliamini. Usianze na makampuni makubwa, yana foleni ya barua kama yako. Anza na wanaomjua marehemu: duka la vifaa vya ujenzi la mwenzake wa darasani, kliniki ya mtaani, chama cha akiba cha kikosi chake. Mashimo sita yakishanunuliwa na watu wa nyumbani, makampuni husogea yenyewe.

Kitu kingine cha kuuza ni mkwaju wa marudio: mchezaji aliyeharibu analipa 20,000 na kupiga tena. Usizidishe miwili kwa mtu, la sivyo mchezo hauishi.

Onyo: ahadi ni deni, ila deni hilo utalidai wewe. Usichape bango la mtu ambaye hajalipa.

Hatua ya 6: Pesa zisipite mfukoni mwa mtu

Hata mfukoni mwako, hata kama wewe ni kaka wa marehemu. Toa namba ya akaunti na namba ya simu ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kamati. Kumbuka ukizitoa pesa kwenye simu kwa noti, kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na makato ya kampuni ya simu. Kwa milioni 18 hiyo kodi peke yake ni shilingi 90,000. Ni heri zihamishwe moja kwa moja benki, na kutoka benki ziende shuleni.

Hatua ya 7: Ruhusa nyingine

Kama shujaa alikuwa mwanajeshi, andikia kikosi chake mapema kuomba kutumia jina la kikosi, nembo, au mpiga tarumbeta. Usichape fulana wala kofia za mabakamabaka hata kidogo, hata kama fundi anakwambia zitapendeza. Raia wa Uganda haruhusiwi kuvaa mavazi ya jeshi, na hutaki mgeni wako akamatwe akitoka kwenye ibada ya kumkumbuka askari. Rangi ya kijani ya kawaida inatosha.

Bahati nasibu iko chini ya sheria ya michezo ya kubahatisha ya 2016, kwa hiyo uliza bodi husika kabla ya kuchapa tiketi. Sisi tumeiacha. Mnada wa vitu viwili vitatu wakati wa chakula unaleta pesa bila barua.

Wajulishe polisi, na uajiri gari la wagonjwa.

Hatua ya 8: Mfumo wa mchezo

Chukua Stableford. Mchezaji anapata pointi kwa kila shimo baada ya kupunguziwa handikapu: akifikia idadi inayotarajiwa pointi 2, akiizidi kwa mkwaju mmoja pointi 1, akiwa chini yake kwa mmoja 3, kwa miwili 4. Akiizidi kwa miwili hana kitu, basi anaokota mpira na kwenda zake. Uzuri uko hapo: asiyejua hakai dakika ishirini akichimba mchanga.

Waanze wote kwa pamoja. Kila kundi la watu wanne linasimama kwenye shimo lake, king'ora kinalia, kila mtu anapiga. Mashimo 18 mara wanne ni wale 72. Ukizidi hapo, weka makundi mawili kwenye mashimo ya mikwaju minne na mitano. Kwenye mashimo ya mikwaju mitatu weka moja tu, watarundikana. Wote wanamaliza karibu wakati mmoja, na hapo ndipo unapata watu wa kula na kusikiliza. Ukiwaita kundi baada ya kundi, wa kwanza watakuwa wameondoka wakati wa mwisho bado wako shimo la kumi na mbili.

Kila kundi lichanganye: mwenye handikapu ndogo mmoja, wa kati wawili, mgeni mmoja.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi: kamati uwanjani. Mabango yasimamishwe kando, mahali mpira hauwezi kuyagonga wala upepo kuyaangusha kwenye njia ya mchezaji.

Saa moja: uandikishaji na chai. Kila mchezaji apewe kadi ya alama, namba ya shimo na ratiba. Asiyelipa alipe hapo.

Saa moja na nusu: makedi, yaani wabeba mifuko ya fimbo za wachezaji. Hawa ndio wanaoujua uwanja na ndio wanaosahauliwa. Wahesabu, waandike majina, waambie malipo yao ni kiasi gani na nani atawalipa, na uwatengee chakula kilekile cha wachezaji. Kedi aliyelipwa siku hiyohiyo atakuwa balozi wako mwaka mzima.

Saa mbili kasorobo: ukumbusho. Uwe mfupi. Mtu mmoja asome maisha yake kwa dakika tatu, dua au sala, dakika moja ya kimya, tarumbeta. Halafu mtu wa familia apige mpira wa kwanza. Mwaka wa pili alipiga mwanawe wa miaka tisa, akiwa na fimbo iliyokatwa kimo chake. Akakosa. Akakosa tena. Mara ya tatu mpira ukabingirika kama hatua kumi, ukasimama kwenye umande, na majenerali wawili wastaafu wakapiga makofi kama vile umefika grini, penye shimo lenyewe. Usimfundishe mtoto mapema. Mwache apige.

Saa mbili: king'ora. Raundi itachukua saa nne na nusu mpaka tano. Usikubali mtu akushawishi kuanza saa nane mchana ili "watu walale". Kwetu jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na giza la huku haliji kwa hodi.

Hatua ya 10: Zawadi

Ziwe chache. Mshindi wa jumla, wa wanawake, wa wageni, mkwaju mrefu zaidi, na aliyekaribia kibendera zaidi. Mchezaji wa ridhaa kwenye mashindano ya handikapu hapewi fedha taslimu, na thamani ya zawadi yake haitakiwi kuvuka dola 1,000. Mpe birika, begi, usiku mbili hotelini. Kama mdhamini anataka kuweka gari kwa atakayeingiza mpira kwa mkwaju mmoja, awe ameshakata bima na aweke shahidi kwenye shimo hilo kabla gari halijaegeshwa. Watu hucheka wakisikia hivyo, mpaka siku mpira unapoingia.

Hotuba mbili tu. Mwanasiasa akija bila kualikwa, msalimie, mtambulishe, na kipaza sauti kibaki mkononi mwa mshereheshaji.

Hatua ya 11: Wiki mbili baada ya hapo

Lipa ada moja kwa moja shuleni, kwa jina la mwanafunzi, uchukue risiti. Weka risiti na hesabu yote kwenye ukurasa mmoja, uitume kwa kila mdhamini na kila mchezaji. Ile hundi kubwa ya karatasi ngumu ya kupigia picha usiitoe kama pesa hazijaingia benki. Nimeona familia ikipigwa picha na milioni ishirini na kusubiri miezi saba.

Yakienda mrama

*Radi.* Mpe mtu mmoja king'ora na mamlaka ya kukipiga bila kumuuliza yeyote. Mlio mmoja mrefu maana yake simameni sasa hivi, milio mitatu ni simameni kwa sababu nyingine, miwili mifupi ni rudini mchezoni. Watu hukimbilia chini ya miti, wazuieni. Mwaka 2011 radi iliua watoto darasani huko Kiryandongo, haina mzaha.

*Mvua imekata mchezo katikati.* Kama kila kundi limemaliza mashimo tisa, hesabu hayo tisa. Sema hivyo kwenye ratiba mapema, usiamue wakati watu wameshalowa.

*Wawili wamefungana pointi.* Linganisha mashimo tisa ya mwisho ya kadi, yakilingana sita, kisha matatu, kisha la mwisho. Kwa walioanzia mashimo mbalimbali, mashimo ya mwisho ni 10 hadi 18 ya kadi, si yale waliyomalizia.

*Mgeni ana handikapu ya kutiliwa shaka.* Anasema 28 na anapiga kama 8. Asiye na handikapu rasmi ashindanie zawadi ya wageni tu, asiguse zawadi kuu. Hutakosana na mtu.

*Wachezaji ishirini hawakuja.* Ndiyo maana ada hulipwa wiki moja kabla. Kwa mwaka huu unganisha makundi, usiache mtu acheze peke yake, na ule chakula cha ziada mpeleke kwa makedi kabla kaloli, wale ndege wakubwa wa majalalani, hawajakiona.

*Wajane wawili.* Hutokea, na usijifanye hujui. Kamati haitoi pesa kwa mke, inatoa ada kwa mtoto. Watoto wote wa marehemu wanaotambuliwa na ukoo waingie kwenye hesabu ya Hatua ya 2, na wajane wote wakae mstari wa mbele. Atakayekataa kukaa, kiti chake kibaki pale.

*Lengo halikufikiwa.* Lipa muhula mmoja kwa watoto wote badala ya mwaka mzima kwa mtoto mmoja, na uiambie familia tarakimu halisi jioni hiyohiyo.

*Picha ya marehemu haionekani.* Usicheke, ilitutokea. Baada ya zawadi kila mtu alikuwa na furaha, na Jumatatu shemeji akauliza iko wapi. Tuliikuta stoo nyuma ya baa, imeegemea kreti za soda, kioo kimepata ufa pembeni. Sasa kuna mtu mmoja kwenye kamati ambaye kazi yake siku hiyo ni picha tu. Anaifuata nyumbani alfajiri, anaisimamisha, na jioni anairudisha ukutani kwa mikono yake kabla hajala.